Stelingi hafi, kinachokufa ni kuaminiana

Usiku, nyuma ya baa moja mjini Bangkok, kijana wa kitajiri anakimbizwa na watu wanaoitaka roho yake. Anamkuta mhudumu wa baa, anamwomba amwokoe. Mhudumu haoni haja ya kujua huyu ni nani wala amekosa nini. Anachotaka kujua ni malipo. Bei ikishaeleweka, ndipo ngumi zinaanza.

Hivyo ndivyo Kinn na Porsche wanavyokutana katika KinnPorsche, tamthilia ya Thailand ya sehemu 14 iliyorushwa na kituo cha One 31 kuanzia Aprili 2 hadi Julai 9, 2022, huku toleo lisilokatwa likionyeshwa kwenye mtandao wa video wa iQIYI. Kinn, anayeigizwa na Mile Phakphum, ni mtoto wa kati wa mzee anayeongoza familia ya mafia. Porsche, anayeigizwa na Apo Nattawin, anamlea mdogo wake na kubeba madeni ya kamari ya baba yake mdogo. Mmoja atakuwa bosi, mwingine mlinzi wake, baadaye wapenzi. Ukiwauliza waliotazama kwa nini waliganda mbele ya skrini hadi alfajiri, wengi watakujibu kwa neno moja: kemia.

Jibu hilo si baya, ila linafunga mazungumzo mapema mno. Linafanya ionekane kama jambo lilitokea lenyewe, sura mbili nzuri zikawekwa pamoja na moto ukawaka. Sisi tuna namna zetu za kulisema. Damu zao zimepatana. Wameivana. Na uwanjani tunasema kombinesheni: winga anapiga krosi bila kuinua kichwa kwa sababu anajua mshambuliaji wake atakuwa wapi. Usemi wa damu unalichukulia jambo hili kama majaliwa. Usemi wa uwanjani unakumbusha kwamba wale wawili walifanya mazoezi asubuhi na jioni, wakakosana, wakarudia. Kadiri ninavyozidi kutazama tamthilia hizi ndivyo ninavyozidi kuegemea upande wa uwanjani.

Kwa asiyeujua utanzu wenyewe: BL, kifupi cha Boys' Love, ni hadithi za mapenzi ya wanaume wawili, na mizizi yake iko kwenye vibonzo vya Kijapani vya miaka ya 1970 vilivyochorwa na wanawake kwa ajili ya wasichana. Thailand huziita tamthilia za "wai", yaani herufi Y, kutokana na neno la Kijapani yaoi. Kwenye televisheni zilianza kushika kasi na Love Sick mwaka 2014 na SOTUS mwaka 2016, na kwa miaka kadhaa mandhari ikawa ileile: chuo kikuu, sare, wanafunzi wa uhandisi, kaka mkali wa mwaka wa tatu na mdogo mbishi wa mwaka wa kwanza. Hatari kubwa kuliko zote ilikuwa kukataliwa. Kisha mwaka 2019 Taiwan ikaleta HIStory3: Trapped, ya askari mpelelezi na kiongozi wa genge, na Thailand ikafuata na Manner of Death mwishoni mwa 2020, Not Me Desemba 2021, halafu KinnPorsche. Bastola zikaingia mahali palipozoea madaftari.

Na hapo ndipo ugumu ulipoanza, kwa sababu ya kanuni ambayo kila aliyekulia kwenye vibanda vya video anaijua: stelingi hafi. Risasi mia zitapita, gari litalipuka, yeye atatoka na mchubuko kwenye paji la uso na shati limechanika vizuri. Tulikuwa tunaingia kwenye kibanda tukiijua kanuni hiyo na bado tukipiga kelele, maana raha ilikuwa kuona atapona vipi. Lakini katika hadithi ya mapenzi ya sehemu 14 raha hiyo inachuja haraka. Stelingi ni wawili, na jina la tamthilia lenyewe limeunganisha majina yao. Nani atamwogopea Porsche risasi za sehemu ya tatu?

Mtunzi anayeijua kazi yake anaihamisha hatari. Anaitoa mwilini, anaiweka kwenye kuaminiana. Mwili wa stelingi hauwezi kufa katikati ya hadithi, lakini imani aliyonayo mwenzake juu yake inaweza kufa dakika yoyote, na ikifa hakuna anayeweza kukuhakikishia kwamba itafufuka. Ukitaka kujua kwa nini moyo wako ulidunda kwenye pambano fulani na ukatulia tuli kwenye jingine lililokuwa na milipuko mingi zaidi, tafuta hapo. Pambano lililokugusa lilikuwa na mtu anayeamua kumgeuzia mwenzake mgongo akiamini hatachomwa kisu.

Kwa hiyo kemia, kama ninavyoielewa, ni hisia tunayoipata tunapomwona mtu akimkabidhi mwenzake kitu ambacho hawezi kumudu kukipoteza. Na hapa kina cha mhusika kinaacha kuwa pambo. Kama hatujui mhusika ana nini cha kupoteza, hatuwezi kujua amekabidhi nini. Atatazama kwa macho malegevu, muziki utapigwa, mvua itanyesha, na sisi tutaona watu wawili wazuri waliolowa.

Mtazame Kinn kwa jicho hilo. Kwa nje ana kila kitu: nyumba kubwa, walinzi, jina linalofungua milango. Tunapojua kwamba aliwahi kumpenda mtu, Tawan, na mtu huyo akamsaliti, ubaridi wake unapata sababu. Anatoa amri kwa kuwa amri haihitaji kumwamini anayeitekeleza. Porsche naye haogopi ngumi hata kidogo. Anachoogopa ni kesho ya mdogo wake, Porchay, na nyumba waliyoachiwa na wazazi inayotaka kuchukuliwa kwa deni. Ndiyo maana ile bei ya nyuma ya baa ina uzito kuliko inavyoonekana. Porsche anaomba pesa kwa sababu pesa ndiyo lugha pekee ambayo dunia imewahi kumjibu nayo. Kinn anatoa pesa kwa sababu alishajifunza kwamba kilichonunuliwa hakivunji moyo. Wamekutana kwenye kitu kilekile kwa hofu tofauti, na tamthilia nzima ni safari ya kutoka kwenye bei hiyo.

Sehemu inayoonyesha jambo hili waziwazi zaidi ni ile ya porini. Wametekwa, wametoroka, na sasa wako msituni mikono yao imefungwa kwa pingu moja. Pingu ni ujanja wa zamani katika filamu za uhalifu, lakini angalia unavyofanya kazi hapa. Mmoja hawezi kukaa bila mwingine kukaa. Hawezi kuokota kuni wala kunywa maji wala kulala ubavu anaoutaka. Kila tendo dogo linahitaji maafikiano. Bangkok ilikuwa inatosha Kinn aseme, wengine watende. Porini jina la familia halinunui chochote. Aliyezoea kuletewa chakula mezani yuko na mtu aliyeishi kwa kujitafutia. Mizani ya bosi na mlinzi inapinduka bila mtu kutoa hotuba kuhusu usawa. Inapinduliwa na mnyororo wa chuma wenye urefu wa kiganja.

Nilirudia kuitazama nikiwa nimezima sauti, nami nakushauri ufanye hivyo. Bila maneno unaanza kuona miili. Mwanzoni mnyororo umekaza, kila mmoja anavuta upande wake. Baadaye unalegea, maana wameanza kutembea kwa mwendo mmoja. Huo mnyororo uliolegea umenieleza mengi kuliko busu lolote lililokuja baadaye.

Mtu anaweza kuuliza mapigano yenyewe yana faida gani basi, kama dakika bora ni zile ambazo hayapo. Faida yake ni kwamba yanamnyang'anya mhusika nafasi ya kufikiri. Kwenye tamthilia ya chuo, mvulana anaweza kuchukua sehemu nne akijiuliza kama anampenda mwenzake, akaandika ujumbe, akaufuta. Mtutu ukielekezwa kwa mwenzako huna sehemu nne. Unaruka mbele au huruki. Ukiruka, umeshajijibu, na wewe mwenyewe unashangaa jibu lilitoka wapi. Tendo linatangulia, ungamo linafuata nyuma likihema.

Ila tendo hilo lina thamani iwapo tu limebadilisha kitu. Kipimo ninachokitumia ni rahisi: liondoe pambano, halafu uangalie kama uhusiano wa wale wawili umebaki ulivyokuwa. Kama umebaki vilevile, pambano lilikuwa la kujaza muda. Hata tamthilia ninazozipenda zina mapambano ya kujaza muda, na KinnPorsche inayo, hasa pale walinzi wasio na majina wanapoanguka kwa makundi na sisi hatuhisi lolote.

Kuna jambo la ufundi ambalo mashabiki huliruka. Katika mapigano ya kuigiza, anayepigwa ndiye anayeifanya ngumi ionekane kweli. Anayepiga anasimamisha mkono wake mbali na shavu. Anayepigwa anageuza shingo, anatoa pumzi, anayumba kwa wakati wake. Akichelewa kidogo tu, uongo umeonekana. Akiwahi, vilevile. Waigizaji wawili waliofanya mazoezi ya namna hiyo kwa wiki kadhaa wameshajifunza pumzi ya kila mmoja kabla hata ya kuigiza mapenzi. Mwili umekwisha kuzoea kumsikiliza mwenzake. Sishangai kwamba mmoja wa waongozaji watatu wa KinnPorsche ni Kongkiat Komesiri, aliyetoka kwenye filamu za ngumi na uhalifu kama Muay Thai Chaiya ya 2007 na Slice ya 2009. Mtu wa aina hiyo anajua kwamba umbali kati ya miili miwili ni habari kamili.

Na mhariri naye ana mkono wake. Zaidi ya miaka mia moja iliyopita, Lev Kuleshov, mwongozaji filamu wa Urusi, alichukua uso uleule wa mwigizaji mmoja, akaupanga baada ya picha ya sahani ya supu, baada ya jeneza, baada ya mwanamke. Watu waliona njaa, majonzi na tamaa kwenye uso ambao haukubadilika hata ukope. Mitazamo mingi tunayoiita kemia inapikwa hivyohivyo: Kinn anatazama kitu, picha inakatwa, tunamwona Porsche anafunga kifungo cha shati, na sisi wenyewe tunaijaza ile nafasi ya katikati. Ndiyo maana wakati mwingine nasubiri picha isiyokatwa, wote wawili ndani ya fremu moja kwa sekunde nyingi, hakuna pa kujificha. Hapo ndipo nahesabu.

Not Me inalifikisha suala hili mahali pagumu zaidi, na kwa maoni yangu ndiyo iliyothubutu kuliko zote. White anaingia kwenye genge la pacha wake, Black, akijifanya ni yeye, ili ajue nani aliyempiga ndugu yake hadi akapoteza fahamu. Gun Atthaphan anaigiza mapacha wote wawili. Ndani ya genge kuna Sean, anayeigizwa na Off Jumpol, kijana anayemchukia Black na kumlilia baba yake aliyeuawa. Polepole Sean anaanza kumwangalia huyu "Black" mpya kwa jicho jingine. Sasa fikiri mzigo uliopo: kila hatua ya ukaribu ni hatua ya kuelekea siku uongo utakapofichuka. White akizidi kupendwa, anazidi kuwa na cha kupoteza. Tunamwona anafurahi na palepale tunamwonea huruma. Huwezi kuitengeneza hisia hiyo kwa sura nzuri tu. Imejengwa na mhusika mwenye siri, mbele ya mhusika ambaye tunajua usaliti utamfanya nini.

Kulikuwa na ugumu mwingine. Off na Gun walikuwa wameigiza pamoja kwa miaka kadhaa kabla, na mashabiki walikuja wakiwa tayari wamewaoanisha. Thailand wana neno lake, khu jin, jozi ambayo watazamaji wanaifikiria kuwa ya kweli, na kampuni zinalijua soko hilo vizuri: mikutano ya mashabiki, matangazo ya sabuni na vinywaji, safari za pamoja. Kemia ya nje ya skrini inaweza kuipa tamthilia mtaji wa bure. Inaweza pia kuidumaza, kwa sababu mtazamaji anawaona Off na Gun, hamwoni Sean. Mwongozaji Anucha Boonyawatana, ambaye filamu yake ya Malila iliiwakilisha Thailand kwenye kinyang'anyiro cha Oscar, alilazimika kuuvunja uzoefu huo. Aliwafanya wachukiane kwanza, na chuki ile ilikuwa na uzito wa kutosha kiasi kwamba upendo ulipokuja uliwahusu Sean na White, si waigizaji wawili tuliowazoea.

Sasa niseme kuhusu upande unaonisumbua. Kemia inaweza kufunika dhambi. Usiku wa kwanza wa Kinn na Porsche unatokea Porsche akiwa amewekewa dawa kwenye kinywaji, hali ambayo ndani yake hakuna ridhaa ya kweli. Watazamaji waliolalamika walikuwa na haki. Tamthilia inaliacha jambo hilo kuwa jeraha kati yao, na hilo ni afadhali kuliko kulipita, lakini haitoshi kusema waigizaji wameivana halafu tukanyamaza.

Jozi ya pili ni ngumu kupita hiyo. Vegas ni binamu wa Kinn, mtoto wa tawi dogo la familia, aliyekuzwa na baba anayempiga na kumlinganisha na binamu yake kila siku. Pete ni mlinzi wa tawi kubwa, kijana wa tabasamu. Vegas anamteka na kumtesa. Na kutoka hapo, mapenzi. Ukinisimulia hivyo mezani ningekataa. Kilichonifanya niendelee kutazama ni mnyama mdogo wa kufugwa, kalunguyeye wa Vegas. Anakufa. Na yule mtu tuliyemwona akitesa bila kupepesa anakaa naye mikononi akilia kama mtoto, mbele ya mateka wake. Pete, mwenye kila sababu ya kufurahia machozi yale, anamfariji. Hakuna risasi pale, ila ndilo tendo kubwa kuliko yote katika simulizi yao, kwa sababu linatuonyesha kwamba Pete anayajua machozi ya namna hiyo, kwamba naye aliwahi kuwa mtoto wa kupigwa.

Je, hilo linahalalisha yaliyotangulia? Hapana. Linayaeleza, na kueleza na kuhalalisha ni vitu viwili. Bible Wichapas na Build Jakapan waliigiza kwa ukweli unaouma, na ni ukweli huohuo uliowafanya watu wengi wasahau kwamba mlango ulikuwa umefungwa kwa nje. Mhusika mwenye kina anatupa uwezo wa kumwelewa hata mkatili. Mtazamaji anabaki na kazi yake ya kukumbuka nani alikuwa na ufunguo.

HIStory3: Trapped ilikuwa na subira zaidi katika hili, na naipenda kwa hilo. Askari Meng Shao Fei anamfuatilia bosi wa genge, Tang Yi, kwa miaka minne kwa sababu ya mauaji yaliyomchukua mtu aliyemheshimu. Mauaji hayohayo yalimchukua mtu aliyemlea Tang Yi. Wote wawili wana kaburi moja la kulilia. Miaka minne ya kumfuata mtu, kujua anakula wapi na analala saa ngapi, ni ukaribu wa ajabu hata kabla mapenzi hayajatajwa. Kemia yao ilikuwa imeshaiva siku ya kwanza tunapowaona, tena kwa sababu inayoeleweka.

Wale wanaoamini kwamba damu za Mile na Apo zilipatana tu, basi, nawaomba wakaitazame Man Suang, filamu yao ya mwaka 2023. Waigizaji ni walewale, kampuni ileile. Zama ni nyingine, Siam ya karne ya 19, Apo akiwa Khem, mcheza ngoma aliyetumwa kupeleleza, na Mile akiwa Chat, mpiga ngoma. Kama kemia ingekuwa mali ya sura zao, tungemwona Kinn na Porsche wamevaa nguo za kale. Hatuwaoni. Kinn alimtazama Porsche kama mtu anayehofia kuibiwa. Chat anamtazama Khem kama wapiga ngoma wanavyowatazama wachezaji kokote pale: macho kwenye miguu, akisubiri ajue pigo linalofuata liangukie wapi.